Fomu ya Mita Elfu Tano

Sehemu ya kumi na moja

Tulimwacha Vidole dirishani, fomu iko mezani, mhuri wa karani uko hewani. Wiki nzima mmeniuliza kama ulishuka. Ulishuka.

Paa!

"Tayari, mama," karani alisema huku akipuliza wino. "Mkimbiaji wako amethibitishwa. Mita elfu tano, mchujo wa kesho asubuhi. Chumba cha kukusanyikia kinafungwa saa tatu na dakika arobaini kamili. Asipotokea, kanuni unaijua?"

"Naijua."

"Anafutwa kwenye mbio zote zilizobaki. Hata kama ana fainali jioni."

"Nimesema naijua, mwanangu."

Aliijua kumshinda karani, aliijua kumshinda aliyeitunga. Miaka kumi na miwili ameishi nayo nyumba moja.

Kwa wewe uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nakueleza upesi kisha tuendelee. Nchi yao ni ndogo. Msafara wao kwenye mashindano haya makubwa ya michezo ya kila aina ulikuwa na wanamichezo watano na viongozi saba, na hao viongozi ungewachekecha wote usipate kocha mmoja na nusu. Kocha wa judo alikuwa mke wa Mkuu wa Msafara. Daktari wa timu alikuwa shemeji yake, fundi wa mafriji. Mkuu mwenyewe, ambaye wote walimwita Mheshimiwa kwa sababu alipenda kuitwa hivyo, alikuwa na mtindo wake wa siku nyingi. Kila mkimbiaji aliandikishwa kwenye mbio tatu au nne, apende asipende, ili kwenye kitabu cha mashindano nchi ionekane ina jeshi. Halafu siku moja kabla ya kila mbio mtu alitumwa dirishani kwenda kufuta zile zisizokimbiwa.

Aliyetumwa ni Vidole. Vidole ndiye mchua misuli, ndiye mfua jezi, ndiye mpeleka fomu. Timu ndogo, mtu mmoja kazi tatu.

Safari hii hakufuta.

Na jina alilolithibitisha lilikuwa la Kiberiti, binti wa Mheshimiwa, msichana mfupi mwenye mapafu ya ajabu, mtu pekee wa nchi ile aliyewahi kufika fainali ya mita elfu moja na mia tano. Fainali ilikuwa kesho jioni. Nchi nzima ilikuwa imeshanunua vitambaa vya bendera. Mheshimiwa alikuwa ameshashonesha suti ya kupokelewa uwanja wa ndege.

Kesho jioni Kiberiti angefika langoni akaambiwa jina lako halipo. Kama alivyoambiwa Dada.

Dada yake Vidole, tumbo moja, ziwa moja, alikuwa mkimbiaji wa kwanza wa nchi ile kupewa nafasi ya medali. Kosa lake lilikuwa mdomo. Alimwambia mwandishi wa habari kwamba wanamichezo wanalala chini kwa sababu vitanda vimejaa mashemeji wa kocha. Kocha huyo ndiye Mheshimiwa wa leo. Alicheka, akampiga Dada begani, akasema yameisha. Kesho yake akamthibitisha kimyakimya kwenye mbio ambazo Dada hakujua kama zipo. Dada akafutwa kila kitu. Na redio ya nyumbani ilipompigia kocha kumuuliza kulikoni, alijibu neno moja: "Alilala."

Tangu siku hiyo anaitwa Usingizi. Watoto wanamwita hivyo barabarani. Muuza duka anamwita hivyo akimrudishia chenji. Anapiga pasi mashuka kwenye dobi la hoteli, anaamka saa kumi alfajiri kila siku ya Mungu, na bado ni Usingizi.

Vidole alikunja nakala ya fomu, akaitia kifuani. Alitoka pale anatembea kama bibi harusi.

Hakufika mbali. Kwenye mlango wa bwalo aligongana na tumbo. Aliinua macho. Tumbo lilikuwa la Mheshimiwa.

"Vidole! Nilikuwa nakutafuta wewe."

"Abee, Mheshimiwa."

"Umetoka wapi?"

"Dirishani. Kupeleka fomu."

"Umezipeleka zote?"

"Zote."

Mheshimiwa alimtazama kwa muda mrefu. Vidole alihesabu vifungo vya shati lake, vilikuwa sita, cha tano kimelegea.

"Vizuri sana," Mheshimiwa alisema. "Sasa sikiliza. Kesho asubuhi sitaki mtu amguse mwanangu. Asiamshwe, asiitwe, asisumbuliwe mpaka saa tano. Mtu akigonga mlango wake, mfukuze. Nimekupa wewe kazi hiyo. Daktari, umenisikia?"

"Nimesikia, shemeji," alijibu fundi wa mafriji kutoka kwenye foleni ya chakula.

"Mpaka saa tano, Mheshimiwa?" Vidole aliuliza, makusudi, kwa sauti, watu wasikie.

"Saa tano! Au nikuandikie?"

Jamani! Unamchimbia mtu shimo, halafu mwenyewe anakuja kukushikia tochi! Vidole aliinamisha kichwa kwa heshima ili asionekane anacheka. Kesho Mheshimiwa akitafuta wa kumlaumu, bwalo zima lingemtajia jina lake mwenyewe. Binti alikuwa amelala, wangesema. Baba yake ndiye aliyeagiza alale.

Alilala! Neno lile lile! Usiku huo Vidole alilala fofofo kama aliyekunywa dawa.

Saa tatu kasorobo asubuhi alikuwa kwenye chumba chake cha kuchulia. Alifunga madirisha ili kipaza sauti cha nje kisisikike. Alizima simu. Alitandika taulo safi kitandani, akapasha mafuta. Kiberiti alikuwa na tabia ya kuamka mapema hata akiambiwa alale, kwa hiyo njia ya kumshika ilikuwa moja tu, alale kwenye kitanda cha Vidole mwenyewe mpaka mlango wa wakimbiaji ufungwe.

Saa tatu na dakika tano Kiberiti aliingia na kandambili zake, nywele amezifunga kitambaa.

"Nimeshindwa kulala, Anti."

"Lala hapa. Nikuchue taratibu, hatuna haraka."

"Baba akijua nimeamka?"

"Baba amenikabidhi mimi. Lala kifudifudi."

Vidole alianza na nyayo. Hakumchukia mtoto huyu, na hapo ndipo roho ilipomkwaruza kidogo. Lakini alijikumbusha Dada akisimama dukani, watu wawili nyuma yake wakikoroma kwa dhihaka. Akakaza vidole. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na kumi na mbili.

"Hapo panauma," Kiberiti alisema.

"Vumilia."

"Nakuvumilia, Mama Mdogo."

Mikono ya Vidole ilisimama.

"Umeniitaje?"

Kiberiti aligeuza uso, akacheka kwa aibu. "Nimekuita Mama Mdogo. Si ndivyo mtu anavyomwita mdogo wa mama yake?"

"Mama yako yuko chumbani kwa baba yako. Anafundisha judo."

"Yule ni mama wa kunizaa. Nasema mama aliyenifundisha kukimbia." Msichana aliinuka, akakaa, akazungusha taulo. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Aliniambia nikwambie leo. Siku ya fainali, asubuhi, si kabla. Alisema nikwambie ukiwa na mafuta mikononi ili usiweze kushika simu ukampigia kumgombeza."

"Nani?"

"Dada yako."

Vidole aliketi kwenye ndoo.

"Miaka minne," Kiberiti alisema, maneno yanamtoka mbio kama miguu yake. "Unafikiri anaamka saa kumi kwenda kupiga pasi? Dobi linafunguliwa saa moja! Saa kumi na moja mimi na yeye tuko uwanja wa shule, na fimbo yake na saa yake ya mkononi. Baba anadhani nafundishwa na yule jamaa wake wa wizarani. Yule hata filimbi hajui kuipuliza."

"Alikujaje kwako? Wewe mtoto wa... wa yule?"

"Mimi ndiye niliyemwendea. Baba alilewa siku moja sebuleni, akasimulia wageni jinsi alivyomlaza Usingizi bila kitanda. Wakacheka wote. Nilikuwa nabeba sinia la chai, nilisikia kila kitu. Kesho yake nilienda dobini nikamwomba msamaha. Alinitazama, akaniambia, msamaha wako siutaki, nioneshe unavyokimbia."

Vidole alijifuta uso kwa mkono wenye mafuta.

"Leo jioni," Kiberiti aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, "nikimaliza, kushinda au hata wa tatu, kamera zitakuja. Kila aliyepata medali anahojiwa, matangazo yanaenda moja kwa moja mpaka nyumbani. Baba atakuwa pembeni na suti yake. Na mimi nitasema nani amenifundisha. Nitasema baba yangu alifanya nini. Mbele yake, kwa jina lake. Tumeyapanga maneno mimi na Mama kwa miaka miwili, nayajua kama namba ya simu."

Msomaji, umeshawahi kutoboa mtumbwi wa adui yako, kisha ukaona ndani yake amekaa dada yako? Vidole alitazama saa. Saa tatu na dakika ishirini na moja.

"Kwa nini hakuniambia?" aliuliza.

Kiberiti alisita. "Alisema, mdogo wangu ana hasira za haraka. Akijua atatuharibia."

Vidole alitoa nakala ya fomu kifuani, akamwekea msichana mapajani.

Kiberiti aliisoma. Aliisoma tena. Ule mng'ao machoni ulizimika taratibu, na kilichokuja baada yake kilikuwa kibaya zaidi ya machozi.

"Umenithibitisha wewe?"

"Mimi."

"Ukanilaza hapa, ukafunga madirisha."

"Ndiyo."

Kofi lilikuja. Vidole hakulikwepa, alilihitaji. Kisha Kiberiti alisimama, akavua kitambaa kichwani.

"Viatu vyangu viko wapi?"

"Huwezi kukimbia elfu tano asubuhi na fainali jioni! Tutafute cheti cha ugonjwa..."

"Aniandikie nani? Shemeji wa mafriji? Madaktari wa mashindano watamuuliza swali moja tu, wajue hajui hata kupima joto. Viatu!"

"Ukienda ukajikokota tu watakuona, kanuni inataka ukimbie kweli."

"Basi nitakimbia kweli. Namba iko wapi?"

Jezi, viatu na namba vilikuwa hapo hapo, Vidole ndiye mtunza vyote. Kiberiti akavaa jezi, Vidole akaitia namba pini moja mgongoni, moja kifuani, nyingine zikamponyoka. Walifika mlangoni ndipo wote wawili wakakumbuka kwa pamoja.

Kadi!

Bila kadi ya shingoni hata nzi hapiti kwa walinzi wale. Na kadi zote za timu zilikuwa sandukuni kwa Mheshimiwa. Alizikusanya kila jioni pamoja na pasipoti, tangu msafara uliopita ambapo mabondia wawili waliaga wanakwenda kununua dawa ya meno na hawajaonekana mpaka leo. Alichukua hata ya mwanawe, ili asisemwe anapendelea.

Walipanda ngazi mbilimbili. Vidole aligonga kwa ngumi. Kocha wa judo alifungua, amevaa khanga, akarukia pembeni. Mheshimiwa alikuwa mbele ya kioo na fulana ya ndani, nusu ya uso povu la sabuni. Runinga ilikuwa inaonesha uwanja mtupu.

"Kadi yangu, baba. Upesi."

"Kadi ya nini? Si uko kitandani wewe?"

"Nimethibitishwa mita elfu tano. Chumba kinafungwa saa tatu na arobaini. Nisipotokea nafutwa jioni."

Wembe ulisimama hewani. Mheshimiwa hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikuwa fundi wa jambo hilo.

"Nani amefanya hivyo?"

"Mimi," Vidole alisema.

"Umekosea?"

Hapo, wapenzi wangu, palikuwa na mlango uko wazi kabisa. Kusema tu ndiyo, nimekosea, Mheshimiwa, nilichanganya fomu, nisamehe baba yangu. Kadi ingetoka, msichana angekimbia, na tusi moja au mawili yasingemuua mtu. Mimi mwandishi nilimwomba aseme hivyo. Hakunisikia. Miaka kumi na miwili ilikuwa imemkaa kooni, na mtu huyu alikuwa mbele yake, fulana ya ndani, povu shavuni.

"Sikukosea. Nimekufanyia ulichomfanyia dada yangu."

"Dada yako nani?"

"Unamwita Usingizi."

Kocha wa judo alishika mdomo. Mheshimiwa aliweka wembe chini polepole. Aliuangalia uso wa Vidole kama ndiyo kwanza anauona, na pengine kweli ndiyo kwanza, kwa maana nani huangalia uso wa mchua misuli?

"Aah," alisema. "Kumbe nimekula na nyoka sahani moja."

"Baba, kadi!"

"Ngoja kwanza, mwanangu." Alifungua sanduku, akatoa kadi, akaizungusha kamba yake mkononi. Kisha akachukua karatasi yenye nembo ya msafara, akaitandaza mezani na kalamu juu yake. Saa ilisema saa tatu na dakika thelathini na mbili. "Huyu mama akitoka hapa atakwenda kwa waandishi. Mimi si mtoto. Kaa, uandike."

"Niandike nini?"

"Ukweli. Andika, mimi ni mdogo wake wa tumbo moja. Siku ile dada yangu alilala mwenyewe, akachelewa mwenyewe, akasingizia watu. Weka saini, weka tarehe. Mwanangu anapata kadi."

"Usiandike!" Kiberiti alipiga kelele. "Mama Mdogo, usiandike, bora nisikimbie!"

"Mama Mdogo?" Mheshimiwa alirudia. Lakini hakuwa na muda wa kulichambua, macho yake yalikuwa kwenye kalamu.

Dakika thelathini na tatu.

Akikataa, fainali imekwenda. Na fainali ikienda, hakuna medali, hakuna kamera, na yale maneno ya miaka miwili yanabaki kinywani mwa mtoto. Akiandika, mtoto anapata jioni yake, lakini baba anakuwa na karatasi ya kuwapungia hao hao wenye kamera. Mdogo wake mwenyewe kakiri, atasema. Vidole aliliona hilo vizuri tu. Alichagua mtoto apate kukimbia.

Alikaa. Mikono ile iliyowachua wanyanyua vyuma wa kilo mia na ishirini bila kuchoka ilishika kalamu. Aliandika "dada yangu". Alipofika kwenye "alilala" kalamu ilitoboa karatasi. Aliendelea. Aliweka saini.

Mheshimiwa aliisoma mpaka mwisho, hakuwa na haraka hata kidogo, ndipo akaachia kamba. Kiberiti aliipokonya kadi bila kumtazama baba yake, na kandambili zikasikika zikidondoka moja moja kwenye ngazi, viatu amevishika mkononi. Saa tatu na dakika thelathini na tano. Kutoka hapo mpaka kile chumba ni mita mia saba.

"Kaa," Mheshimiwa alimwambia Vidole, akirudi kwenye kioo chake kumalizia shavu la pili. "Tutazame wote kama amewahi. Mke wangu, mpe mgeni kiti."

Vidole alikaa. Alitazama runinga. Lilipita tangazo la sabuni, likapita la benki, ukapita muziki. Aliwasha simu ili mikono ipate kitu cha kushika. Saa nne kasoro dakika moja uwanja ulirudi kwenye runinga, wanawake kumi na sita wamepangwa mstarini, na kule mwisho kabisa, mfupi kuliko wote, namba imening'inia kwa pini moja, alikuwa Kiberiti.

Amewahi! Mheshimiwa alipiga makofi mawili.

Simu ililia. Dada.

Vidole aliipokea kwa sababu hajawahi maishani mwake kuacha kupokea simu ya Dada.

"Mdogo wangu!" Sauti ilikuwa kubwa, nyuma yake mashine za dobi zikinguruma. "Niko kazini, nimewasha runinga ya mapokezi, mbona namwona mtoto hapa? Kiberiti! Asubuhi hii hana mbio. Elfu tano ilikuwa ya kufutwa, mimi mwenyewe nilimkumbusha aikumbushe timu."

Vidole alikaza simu sikioni.

"Nani amemthibitisha?" Sauti ya Dada ilianza kushuka. Ilishuka ngazi kwa ngazi, kama mtu anayetambua chumba alichowahi kufungiwa. "Vidole. Nakuuliza. Nani alipeleka fomu?"

Bastola ililia uwanjani, wanawake kumi na sita wakaondoka.

Vidole alifungua mdomo. Mheshimiwa alikuwa ameshanyanyuka, taulo begani, karatasi mkono mmoja, mkono mwingine ameunyoosha kuitaka simu.

"Ni Usingizi huyo?" aliuliza kwa upole. "Lete hapa. Nimsomee alichoandika mdogo wake."